Umri wa Picha: Onyesho la Queen Mjini Montreal na Matoleo Yake

Filamu ya onyesho la muziki, kwa maana itakayotumika katika mhadhara huu, ni mfululizo wa picha zilizopigwa wakati bendi ikitumbuiza mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio, zikahaririwa na kuunganishwa na sauti iliyorekodiwa katika ukumbi uleule, kisha zikatolewa kwa umma kwa njia ya sinema, kanda, diski au mtandao. Maana hiyo inaitenga na matangazo ya moja kwa moja ya runinga, ambayo mtazamaji huyaona tukio likiwa bado linaendelea, na inaitenga pia na video fupi ya wimbo mmoja, ambamo kwa kawaida wanamuziki huigiza tu huku wimbo uliokwisha kurekodiwa studio ukipigwa nyuma yao. Wapenzi wa muziki huipokea filamu ya aina hii kama ushahidi wa kwamba bendi fulani ilikuwa na uwezo fulani mwaka fulani, na bendi kongwe, zile ambazo baadhi ya wanachama wake wamefariki, wamestaafu au wamezeeka, huutegemea ushahidi huo kwa mapato na kwa jina. Hata hivyo uzuri wa onyesho peke yake hauufanyi ushahidi huo udumu. Kinachoamua udumu au ufifie ni malighafi iliyowekwa ndani ya kamera usiku wenyewe, na mara nyingi malighafi hiyo huchaguliwa na mtu ambaye wanamuziki hawakumchagua, kwa sababu zisizohusiana na muziki wao. Mfano unaolionyesha jambo hilo kwa uwazi ni filamu ya Queen iliyopigwa katika ukumbi wa Forum, mjini Montreal, Kanada, tarehe 24 na 25 Novemba 1981: bendi iliingia jukwaani ikiwa imekasirishwa na waliokuwa wakiipiga picha, na leo picha hizo ni miongoni mwa zilizo safi kabisa kati ya zote zinazoionyesha bendi hiyo ikiwa kazini.

Queen iliundwa London mwaka 1970 na mwimbaji Freddie Mercury, mpiga gitaa Brian May na mpiga dramu Roger Taylor, ikampata mpiga besi John Deacon mwaka uliofuata, na wanne hao hawakubadilika hadi Mercury alipofariki mwaka 1991. Mwaka 1981 ulikuwa mwaka wa mavuno kwao. Albamu yao ya The Game, iliyotoka mwaka 1980, ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza Marekani, jambo ambalo albamu zao za studio zilizotangulia hazikulifikia. Mwezi Machi waliujaza uwanja wa Morumbi mjini São Paulo. Na mwezi Oktoba ulitoka wimbo wa Under Pressure waliourekodi pamoja na David Bowie. Lakini kwa mwanafunzi wa muziki, jambo lenye uzito zaidi ni kwamba walipanda jukwaa la Montreal wakiwa wanne tu. Ziara yao iliyofuata, iliyoanza mwaka 1982, ilimwongeza mpiga kinanda Morgan Fisher, na tangu hapo bendi haikuzunguka tena bila mpiga kinanda wa kando, kwa hiyo filamu hii imeshika maonyesho ya mwisho ya mfumo wa zamani bila yeyote aliyekuwapo kukusudia iwe hivyo.

Tofauti hiyo inasikika. Mercury anapokuwa kwenye piano, besi ya Deacon na gitaa la May hupata mhimili wa kuegemea. Anaponyanyuka na kuelekea ukingoni mwa jukwaa na kipaza sauti chake chenye nusu ya mhimili wa chuma, piano hunyamaza na nafasi yake hubaki wazi. Msikilizaji aliyelelewa na muziki wa dansi, ambamo gitaa la solo hutembea juu ya gitaa la ridhimu bila kukatizwa, ataona mara moja kwamba May hana ridhimu nyuma yake, na kwamba anapoingia kwenye solo ni Deacon peke yake anayebaki kulibeba umbo la wimbo huku Taylor akijaza mapengo kwa matoazi. May hukabiliana na upungufu huo kwa kutumia vifaa vya mwangwi vinavyorudisha sauti ya gitaa baada ya kitambo kifupi, kiasi kwamba anapiga mstari wa pili juu ya mstari wake mwenyewe wa kwanza, na gitaa analotumia ni lile alilolitengeneza na baba yake nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1960, ambalo sehemu ya mbao yake ilitoka kwenye fremu ya meko ya zamani. Filamu inaonyesha vidole vyake vikiwa vimeshika sarafu ya peni sita badala ya kipande cha plastiki, na hilo si pambo tu, kwa kuwa meno madogo ya ukingo wa sarafu hiyo ndiyo yanayotoa ule mkwaruzo unaosikika mwanzoni mwa kila noti.

Hapa panahitajika neno fupi kuhusu Zanzibar. Mercury alizaliwa huko tarehe 5 Septemba 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, katika familia ya Waparsi ambayo baba yake alikuwa mtunza fedha katika mahakama ya serikali ya kikoloni. Alipelekwa India kusoma, akarudi, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Katika mtaa wa Shangani, huko Zanzibar, leo kuna makumbusho yenye jina lake, yaliyofunguliwa mwaka 2019, na watalii hupiga picha mlangoni. Ni haki Wazanzibari wamtaje kuwa ni mtu aliyezaliwa kwao, lakini anayeitazama filamu ya Montreal akitafuta dalili ya kisiwa hicho katika sauti, mwendo au maneno ya mwimbaji atatoka mikono mitupu, na waandishi wanaoisikia taarabu ndani ya nyimbo za Queen wanasikia matamanio yao wenyewe. Mercury mwenyewe hakupenda kuzungumzia utoto wake hadharani, na filamu hii inauheshimu ukimya huo kwa kutokuwa na mahojiano yoyote: hakuna anayeulizwa swali, hakuna anayeeleza maisha yake, ni kazi ya jukwaani kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Aliyeiongoza ni Mmarekani Saul Swimmer. Jina lake lilikuwa limejulikana kwa filamu ya The Concert for Bangladesh, inayohusu onyesho la hisani lililoandaliwa na George Harrison katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, tarehe 1 Agosti 1971. Filamu hiyo ilipigwa kwa milimita 16, kipimo kidogo kilichopendwa na wapiga picha za habari kwa sababu kamera zake ni nyepesi, kisha ikakuzwa hadi milimita 70 kwa ajili ya sinema kubwa, na yeyote aliyewahi kuikuza picha ndogo kupita kiasi anajua kinachotokea: chembechembe za filamu huanza kuonekana kama mchanga. Kufikia mwaka 1981 Swimmer alikuwa na mradi wa MobileVision, mtambo wa kuonyeshea filamu kwenye skrini kubwa mno, na kwa skrini ya aina hiyo milimita 16 isingetosha hata kidogo. Alihitaji filamu ya milimita 35, alihitaji bendi ambayo watu wangelipa kuitazama ikiwa na ukubwa wa ghorofa, na bendi iliyopatikana ni Queen. Kwa hiyo ubora wa picha za Montreal ulitokana na hesabu za kibiashara za mtu mwenye mashine ya kuuza, na mashine yenyewe imesahauliwa.

Ili ieleweke kwa nini uchaguzi huo una maana kubwa hivyo, ni lazima kutofautisha filamu na ukanda wa sumaku. Filamu ni utepe wa plastiki uliopakwa kemikali zinazobadilika zinapopigwa na mwanga. Kamera huusimamisha utepe huo mara 24 kwa sekunde, na kila unaposimama hupigwa picha moja kamili inayoitwa fremu. Utepe uliopita ndani ya kamera, ukishasafishwa kwenye maabara, huitwa negativi, kwa kuwa penye mwanga huonekana giza na penye giza huonekana mwanga, na nakala zote za baadaye huzaliwa kutoka kwake. Negativi haina mistari wala miraba midogo. Ina chembe ndogo mno zilizotawanyika bila mpangilio, na kiasi cha undani anachopata mtu kutoka humo hutegemea uwezo wa mashine anayoisomea. Ukanda wa sumaku wa video hufanya kazi kwa njia nyingine kabisa: kamera huigawa picha katika mistari ya mlalo yenye idadi iliyowekwa na kanuni za utangazaji za nchi, ambayo wakati ule ilikuwa 525 katika Kanada na Marekani na 625 katika Uingereza, na si yote iliyofika kwenye kioo, kisha hugeuza mistari hiyo kuwa mawimbi ya umeme yanayohifadhiwa kwenye ukanda. Mstari ambao haukuandikwa usiku ule haupo popote. Skrini za leo za kiwango kinachoitwa 4K zina mistari 2,160, na anayeonyesha humo ukanda wa mwaka 1981 analazimika kuijaza tofauti kwa kubuni, ilhali mwenye negativi ya milimita 35 hurudi kwenye kabati lake na kuisoma upya.

Kwa nini basi si kila mtu aliyetumia filamu? Gharama ni jibu la kwanza, kwa sababu ukanda wa sumaku hufutwa na kutumiwa tena, ilhali futi ya filamu ikishapigwa haina matumizi mengine. Jibu la pili ni usumbufu. Reli ya kawaida ya futi 1,000 za milimita 35 humalizika kwa takriban dakika 11, na onyesho la roki halimsubiri mpiga picha abadilishe reli. Katika onyesho la saa moja na nusu, kila kamera lazima ifunguliwe na kujazwa upya mara nane au tisa, na kila mara kuna kitu kinachotokea jukwaani ambacho kamera hiyo haikioni. Njia ya kuliepuka tatizo hilo ni kuwa na kamera nyingi zinazobadilishwa kwa zamu, na kupiga zaidi ya usiku mmoja, ili pengo la usiku wa kwanza lizibwe na picha za usiku wa pili. Ndiyo maana Montreal ilichukua siku mbili, na ndiyo maana pia waongozaji wa filamu za namna hii huwasihi wanamuziki wavae nguo zilezile siku zote, kwani mwimbaji akianza ubeti na fulana nyeupe na kuumaliza na nyekundu, siri ya mshono hufichuka.

Led Zeppelin waliwahi kuulipia uzembe wa aina hiyo. Walipopigwa filamu Madison Square Garden kwa siku tatu mwezi Julai 1973, mpiga besi wao John Paul Jones hakushika utaratibu wa mavazi, mapengo yakabaki mengi, na mwaka uliofuata bendi ilibidi ijenge jukwaa la bandia katika studio za Shepperton, Uingereza, na kuigiza upya nyimbo zake mbele ya kamera, Jones akiwa amevaa nywele za bandia kwa kuwa zake alikuwa amekwisha kuzikata. Filamu hiyo, The Song Remains the Same, ilitoka mwaka 1976, na mamilioni ya watu wameitazama bila kujua kwamba baadhi ya yale wanayoyaona hayakutokea New York kabisa.

Montreal haikuhitaji udanganyifu wa kiasi hicho, lakini haikuwa na amani. May na Taylor, katika maelezo ya sauti waliyorekodi kwa ajili ya toleo la mwaka 2007, wanakumbuka kwamba uhusiano na Swimmer ulikuwa mbaya na kwamba bendi ilipiga ikiwa na hasira. Msuguano wa namna hiyo una mantiki yake: bendi huona onyesho kuwa ni mali ya waliolipa kiingilio, na mwongozaji huliona kuwa ni kazi ya studio yenye watazamaji, bendi inataka giza ili taa zake zifanye kazi, na filamu za wakati ule zilikuwa na njaa ya mwanga. Ajabu ni kwamba hasira hiyo iliingia kwenye muziki na haikuuharibu. Nyimbo za mwanzo zinakimbizwa kwa kasi inayozidi ile ya santuri, Taylor anapiga kana kwamba ana ugomvi na ngozi za ngoma zake, na Mercury, ambaye katika maonyesho mengine hupenda kuchezeana na hadhira, hapa anaimba kwa umakini wa mtu anayetaka kumaliza hoja. Ni kweli kwamba sauti yake ilikuwa katika hali njema siku hizo, na hilo lingesikika hata bila ugomvi, lakini anayeulinganisha uimbaji huu na wa maonyesho yake ya mwaka 1986 atasikia hapa mwimbaji asiyepunguza noti za juu wala kuzikwepa, na atakubali kwamba kukasirishwa kwake hakukuwa hasara kwa msikilizaji.

Filamu iliyotokana na siku hizo mbili ni kitu kilichoshonwa, na si sahihi kuiita kumbukumbu ya usiku wowote mmoja. Mhariri alichagua sehemu bora kutoka siku ya kwanza na ya pili, akaziunganisha zionekane kama saa moja na nusu ya mfululizo, na katika kuchagua alipima zaidi kwa uso wa mwimbaji. Hapo ndipo kasoro kubwa ya kazi ya Swimmer ilipo. Kamera zake zinamganda Mercury kwa ukaribu hata pale ambapo jambo la maana linafanywa na mwingine: Deacon, aliyetunga Another One Bites the Dust na ambaye mstari wake wa besi ndio wimbo wenyewe, anaonekana kwa vipande vifupi, na hadhira, ambayo katika onyesho la Queen ni nusu ya shughuli, inabaki gizani kwa sehemu kubwa. Kwenye Love of My Life, wimbo ambao Mercury na May huupiga wawili tu na ambao umma ulizoea kuuimba badala ya mwimbaji, sauti za maelfu zinasikika bila nyuso kuonekana. Mwongozaji aliyeuelewa muziki huo vizuri zaidi angeigeuza angalau kamera moja.

Kwa upande mwingine, ukaribu huo umehifadhi mambo ambayo pasipo huo yangepotea. Under Pressure ilikuwa haijafikisha wiki tano tangu itoke, na Bowie hakuwapo, wala hakuwahi kuuimba wimbo huo na Mercury mbele ya umma. Kwa hiyo kinachoonekana ni bendi inayojifunza jukwaani kuimba mazungumzo ya watu wawili ikiwa na upande mmoja tu, Taylor akichukua baadhi ya sehemu za mgeni asiyekuja. Bohemian Rhapsody nayo inafichua mpaka wa bendi ya watu wanne. Sehemu yake ya katikati, ile inayoiga opera, ilirekodiwa studio mwaka 1975 kwa kurundika sauti za Mercury, May na Taylor tabaka juu ya tabaka, na watu watatu hawawezi kuiimba kwa mara moja. Queen haikujifanya kuweza, bali iliondoka jukwaani, ikaacha taa na ukanda wa studio vifanye kazi, kisha ikarudi kwa kishindo sehemu ya roki ilipoanza. Uaminifu huo ni nadra katika biashara ya burudani, na inapendeza kwamba filamu hii, yenye mishono mingi ya siri, imeushika mshono huo mmoja uliowekwa wazi makusudi.

Filamu ilitolewa kwanza mwaka 1982 kwa jina la We Will Rock You, na mwaka 1984 ikatoka kanda ya video ya VHS, mfumo ambao ulishika undani mdogo hata kuliko matangazo ya runinga ya kawaida. Kwa takriban miaka ishirini watu wengi waliifahamu Montreal kwa sura hiyo iliyofifia, wakaihesabu kuwa ni kazi ya daraja la pili. Toleo la DVD la mwaka 2001 halikuwa la bendi. Ni mwaka 2007, baada ya bendi kuwa na kauli juu ya haki zake, ndipo filamu ilipotolewa kwa jina jipya la Queen Rock Montreal, picha ikiwa imesafishwa na sauti ikiwa imechanganywa upya. Swimmer alifariki mwezi Machi mwaka huohuo, miezi michache kabla ya kazi yake kutoka katika sura iliyostahili.

Kuchanganya upya sauti kunahitaji maelezo, kwa sababu watu wengi hudhani ni kupandisha na kushusha sauti tu. Onyesho kama hili hurekodiwa kwenye ukanda mpana wenye njia nyingi zinazokwenda sambamba, kila chombo na kila kipaza sauti kikiwa na njia yake: besi peke yake, ngoma ya mguu peke yake, sauti ya May peke yake. Anayechanganya huketi baadaye, hata baada ya miaka 26, na kuamua upya kila njia isikike kwa kiasi gani na itokee upande gani, kwa hiyo toleo la mwaka 2007 liliweza kuisambaza sauti kwenye spika zinazomzunguka msikilizaji, jambo ambalo mwaka 1981 hakuna nyumba ya kawaida iliyokuwa na vifaa vyake. Hapa ukanda wa sumaku, uliolaumiwa hapo juu kwa upande wa picha, unastahili kusifiwa: kwa sauti, ukanda mpana wa studio wa wakati ule ulikuwa na uwezo uliokaribia ukomo wa sikio la binadamu, na haukuzeeka kama picha ya video ilivyozeeka.

Ikilinganishwa na kazi nyingine za Queen zilizotolewa kwa umma, nafasi ya Montreal inakuwa wazi zaidi. Dakika ishirini na kitu za tamasha la Live Aid, tarehe 13 Julai 1985, ndizo zilizotazamwa zaidi kuliko onyesho lolote la bendi hiyo, na zipo kwenye ukanda wa video wa mistari 625 kwa kuwa zilikuwa matangazo ya moja kwa moja. Filamu ya maigizo ya Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, iliyompa Rami Malek tuzo ya Oscar, ilijenga upya tukio hilo kwa waigizaji, na pamoja na sababu nyingine za kisanaa, ukweli ni kwamba picha za asili zisingestahimili skrini ya sinema ya kisasa. Onyesho la uwanja wa Wembley, London, la tarehe 12 Julai 1986, lililoongozwa na Gavin Taylor, lina hadhira kubwa, jua linalotua na mwimbaji mwenye koti la manjano ambalo sasa ni nembo, na kama tukio linaizidi Montreal kwa mbali. Nalo lilipigwa kwa video, na kila toleo jipya lake linazidi kuonyesha upungufu wa video hiyo. Wiki mbili baadaye, tarehe 27 Julai, bendi ilipiga mjini Budapest, Hungaria, na huko watengenezaji filamu wa nchi hiyo, wakiongozwa na János Zsombolyai, walitumia milimita 35, kwa hiyo mwaka 2012 onyesho hilo liliweza kurudishwa kwenye kumbi za sinema likiwa na picha angavu kuliko ya Wembley. Bendi ileile, ziara ileile, tofauti ya siku kumi na tano, na bado mtazamaji wa leo anaweza kuhesabu nyuzi za koti la Mercury Budapest na asiweze Wembley.

Mwezi Januari 2024 Queen Rock Montreal ilionyeshwa kwa siku nne katika kumbi za IMAX, yaani kumbi zenye skrini zinazojaza upeo wote wa macho, na mwezi Mei ikatoka kwenye diski za 4K. Azma ya Swimmer ya kuionyesha bendi hiyo kwenye skrini kubwa mno ilitimia miaka 42 baadaye, kwa mashine ya watu wengine. IMAX yenyewe ni kampuni ya Kanada, na mizizi yake ni majaribio ya skrini nyingi yaliyofanywa kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 67, katika mji huohuo wa Montreal. Ukumbi wa Forum nao, uliojengwa mwaka 1924 na kuwa nyumbani kwa timu ya mpira wa magongo wa barafuni ya Canadiens, ulifungwa mwaka 1996, ukageuzwa kuwa jengo la biashara lenye kumbi za sinema ndani yake. Matangazo ya toleo la 2024 yalielekea kudai kwamba mtazamaji atakuwa kama yumo ukumbini usiku ule, na dai hilo halina msingi: aliyekuwa kwenye viti vya nyuma vya Forum hakuuona ulimi wa Mercury, hakuliona jasho likidondoka kwenye vitufe vya piano, wala hakuusikia mlio wa besi ukiwa umetenganishwa na kelele za jirani yake. Toleo hilo linampa mtazamaji mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuketi.

Suala linalobaki ni la maktaba na makumbusho, kwa sababu sasa kuna programu za kompyuta zinazouchukua ukanda wa video wa zamani na kuupanua hadi mistari 2,160 kwa kukisia kilichokuwa kati ya mstari na mstari, zikiongozwa na picha nyingine nyingi zilizolishwa. Matokeo yake yanaweza kupendeza, na hakuna ubaya kuyauza, lakini uso wa mwimbaji unaopatikana kwa njia hiyo ni sehemu uso wake na sehemu makisio ya mashine, ilhali uso wa Montreal umesomwa kutoka kwenye negativi iliyoguswa na mwanga uliotoka kwake. Vitu hivyo viwili vikiwekwa kwenye rafu moja vikiwa na lebo zinazofanana, mtafiti wa kesho atakayetaka kujua May aliinua kidole kipi au Mercury alivuta pumzi wapi atakuwa anajengea juu ya msingi asioujua. Kadi ya kila onyesho katika orodha ya maktaba ingepaswa basi kutaja, mbele ya jina la mwongozaji na mwaka wa toleo, lilipigwa kwa malighafi gani, kwa siku ngapi, picha ya toleo hilo imesomwa kutoka nakala ipi, na sauti yake ilichanganywa lini na na nani.